Kompyuta yangu nimeiandika yote, lakini nani aliijaribu?

Kwa Jumamosi tatu mfululizo nimekuwa nikifuta kompyuta nzima, kila kitu, kisha naijenga upya kutoka sifuri, na wala haikuwa imeharibika. Mwandishi mwenzangu aliyenikuta Nyegezi nikifanya kazi hiyo alishika kichwa. "Kaka, wewe ni mwandishi au fundi?" Nikamwambia mimi ni mwandishi, na ndiyo maana nafuta. Hakuridhika. Nikamwahidi kwamba nitaandika, basi leo naandika.

Wengi wetu hapa Mwanza tunajua njia moja tu kompyuta ikigoma. Unaipeleka kwa fundi, fundi anapiga window, unalipa, unarudi nayo nyumbani ikiwa tupu kama chumba kilichohamwa. Kisha wiki mbili nzima unakumbuka kimoja kimoja: ile programu ya kukata sauti ilikuwa ipi, zile herufi nilizitoa wapi, printa iliunganishwa vipi. Habari zote za kompyuta yako zilikuwa ndani ya kompyuta yenyewe, na kidogo kichwani mwako. Fundi hana kosa. Hukumpa hata karatasi moja ya kumwambia chumba kilikuwa kimepangwaje.

Mimi tangu mwaka 2022 natumia mfumo uitwao NixOS, ambao ni aina ya Linux. Wazo lake si jipya. Mholanzi Eelco Dolstra alianza kulifanyia kazi mwaka 2003, akalieleza kwa kirefu kwenye tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Utrecht mwaka 2006. Kwa kawaida kompyuta unaiamrisha: weka hiki, ondoa kile, badilisha pale. Baada ya miaka miwili hakuna ajuaye amri zipi zilipita. Kwenye NixOS unatangaza. Unaandika kwenye mafaili ya maandishi ya kawaida kwamba mashine hii inafuata saa za Dar es Salaam, ina LibreOffice, ina Audacity, ina kamusi ya tahajia ya Kiswahili, mtumiaji wake ni fulani, na kila siku saa mbili usiku inanakili kazi zake kwenye diski ya pembeni. Mfumo unasoma tangazo lako na kujijenga hivyo. Ukibadili mawazo, unabadili maandishi. Kila ujenzi unahifadhiwa kama kizazi, na ukiwasha mashine unaweza kuchagua kizazi cha jana kama cha leo kimekushinda.

Mafaili hayo nayaweka kwenye hazina ya Git, ile programu ya kutunza historia ya maandishi aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005. Kila badiliko lina tarehe na sababu yake. Kwa mtu wa habari jambo hili lina utamu wake. Naweza kukuonyesha siku na saa niliyobadilisha ukubwa wa herufi, na maelezo niliyoandika siku hiyo: "macho yanauma."

(Nasema kompyuta. Wale wa tarakilishi mnivumilie, na wale wa ngamizi pia.)

Basi nikajiona nimemaliza. Nilikuwa nakaa hadi usiku wa manane nikipamba hazina yangu, nahamisha mistari kutoka faili hili kwenda lile, nabadilisha rangi za dirisha, na habari ya kesho haijaandikwa. Ni ugonjwa, na waliowahi kuugua wananielewa. Mimi ni mwandishi wa kujitegemea, nalipwa kwa habari iliyotoka, na hakuna mhariri anayelipa kwa mpangilio mzuri wa mafaili. Lakini nilijifariji: siku mashine ikifa, wenzangu watalia na mimi nitacheka.

Siku hiyo ilifika Machi 2024, wakati wa masika. Nilikuwa Kayenze, huku Ilemela, nikifuatilia habari ya wanawake wanaokausha dagaa. Mvua kwao ni hasara ya wazi: dagaa waliotandazwa mchangani wakinyeshewa wanaharibika, na wale waliokuwa wauzwe kwa chakula cha watu wanaishia kwenye chakula cha kuku. Nilikaa nao siku nne, nikarekodi watu 11. Mmoja wao, mama mtu mzima, alinieleza juu ya usiku aliokesha mwaloni akisubiri mtumbwi wa mwanawe. Dagaa huvuliwa kwa taa kwenye giza. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanapumzika. Mtumbwi ule ulitoka kwenye giza na haukurudi. Alisimulia kwa dakika 40 bila kunyanyua macho, mikono yake ikiendelea kugeuza dagaa.

Siku ya kurudi tulipita majini. Nikiwa nashuka, mguu mmoja mtumbwini na mwingine majini, mkoba uliteleza begani. Vijana waliuopoa upesi, Mungu awabariki, lakini maji hayasubiri.

Niwaambie ukweli, nilikaribia kufurahi. Nilikopa fedha, nikanunua mpakato wa mtumba mjini, nikachomeka flashi, nikaishusha hazina yangu, nikaiagiza mashine itengeneze upya lile faili la kuelezea vifaa vyake kwa kuwa diski na kadi zake ni tofauti, nikaiacha ikipakua usiku kucha kwa bando la usiku. Alfajiri ilikuwa kompyuta yangu ile ile. Picha ya Jiwe la Bismarck nyuma, vifupisho vile vile vya kicharazio, kila kitu. Nilitaka kumwamsha jirani aje aone.

Kisha nikachomeka diski ya pembeni nirudishe rekodi za Kayenze. Nakala zile zilikuwa zimesimbwa, kama inavyompasa mwandishi anayetunza sauti za watu. Neno la siri la kuzifungulia lilikuwa ndani ya hazina, nalo limesimbwa, kama inavyopasa tena. Na ufunguo wa kulifumbua neno hilo? Ulikuwa ufunguo wa mashine yenyewe, ule unaozaliwa siku mfumo unapowekwa kwa mara ya kwanza. Ulikuwa kwenye diski iliyoingia maji. Fundi aliitoa, akaijaribu kwenye mashine tatu. Haikusoma. Kinasa sauti nilikuwa nimekwisha kukifuta kipate nafasi. Si nilikuwa na nakala!

Hapa naomba tuelewane, maana wengi niliowasimulia walisema "pole, teknolojia ndivyo ilivyo." Sivyo. Mfumo haukunidanganya hata siku moja. Kila usiku ulinakili, na kila usiku ukaandika kwamba umefaulu, na ulikuwa umefaulu kweli. Hazina nilikuwa nimeijaribu mara nyingi mno. Lakini kila mara niliijaribu kwenye mashine ile ile iliyokuwa na ufunguo mfukoni mwake. Sikuwahi kujiuliza swali la kijinga kabisa: mashine hii isipokuwepo, je?

Nilirudi Kayenze. Watu kumi walikubali kurekodiwa tena, wengine wakinicheka. Yule mama alinipokea vizuri, nikamwamkia, akanipa kiti, akauliza habari za nyumbani. Nilipomweleza yaliyonikuta akanyamaza kidogo. "Mwanangu, yale nilikwisha kuyasema," akaniambia. "Siwezi kuyatoa mara mbili." Sikumsihi. Habari ilitoka bila yeye, na ilikuwa habari nzuri tu ya bei ya dagaa.

Tunaoishi hapa tuliiona MV Mwanza, ile meli ya abiria 1,200, ikishushwa majini Februari 2023. Siku ile hakuna aliyepanda na mzigo wake kwenda Bukoba. Ilielea, watu wakapiga picha, kisha kazi ya kuimalizia na kuijaribu ikaendelea kwa muda mrefu. Hakuna aliyeona ajabu. Mtu aliyejenga meli akisema "imeelea, pandeni" tutamshangaa, lakini sisi wenye kompyuta ndivyo tunavyofanya kila siku. Hazina yangu ilikuwa imeelea tu.

Kwa hiyo sasa najaribu, na nieleze ninavyojaribu, maana hapa ndipo watu wanaponiuliza.

Badiliko dogo nalijaribu kwa amri ya nixos-rebuild test. Uzuri wake ni kwamba badiliko linaanza kufanya kazi papo hapo lakini haliandikwi kama chaguo la kuwashia mashine. Ukiharibu, unazima na kuwasha, umerudi ulikotoka. Kwa mji ambao umeme ukikatika mashine yenye betri la mtumba inazima yenyewe, hii ni neema. Badiliko kubwa nalipitisha kwanza kwenye build-vm, yaani mfumo unajenga kompyuta pepe ndani ya kompyuta, naingia humo, naona kama dirisha linafunguka na kama Kiswahili kinaandikika, nafunga. Kwenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 inakwenda kwa kusuasua. Napika chai.

Lakini majaribio hayo yote ni ya nyumbani. Mashine ni yangu, mtandao ni wangu, funguo zipo. Jaribio lenyewe ninaloliamini ni moja: mashine nyingine, tena ikiwezekana ya aina nyingine, iliyofutwa kabisa, na mimi niwe na vile tu ambavyo ningekuwa navyo kama nyumba imeibiwa. Yaani flashi, diski ya pembeni, na karatasi. Jaribio halihesabiki kuwa limefaulu mpaka nirudishe rekodi moja kutoka kwenye nakala na niisikilize kwa masikio yangu. Kuona jina la faili hakutoshi. Lazima nisikie mtu anaongea.

Karatasi ni nini? Ni ufunguo wa pili. Siku hizi kila siri kwenye hazina yangu inafunguka kwa funguo mbili, wa mashine na wangu mwenyewe, na wangu nimeuchapa kwenye karatasi, nakala mbili, sehemu mbili. Sisemi wapi. Na kwa waandishi wenzangu mnaotaka kuanza, jambo moja msilifanyie mzaha: msiandike neno la siri wazi kwenye mafaili hayo. NixOS huweka inavyovijenga kwenye ghala ambalo kila mtumiaji wa mashine anaweza kulisoma, na Git haisahau. Ukifuta leo, la jana bado lipo kwenye historia. Mtu aliyekuamini kwa habari nyeti hajui NixOS ni nini, wala hapaswi kujua.

Kuna kitu kingine nilichofundishwa na mwaka ule ule. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari, huko upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ikawa kati ya nchi zilizoumia zaidi. Mnakumbuka. Nilikaa Nyegezi nikitazama mstari wa upakuaji ambao haukusogea, nikagundua kwamba kompyuta yangu niliyoiandika yote kwa hakika ilikuwa nusu tu. Nusu nyingine ilikuwa kwenye seva za mbali. Tangazo langu linasema "iwepo LibreOffice", lakini LibreOffice yenyewe inatoka ng'ambo. Bila nyaya, hazina ni orodha ya vitu ambavyo sina.

Nikaanza kunakili vifurushi vyenyewe kwenye diski, kwa amri ya nix copy, kisha nikazima mtandao na kujaribu kujenga. Ilikataa. Vifurushi vilikuwepo, lakini mfumo ulitaka kwanza vyanzo vya maelezo, vile vinavyotajwa kwenye faili la flake.lock, na hivyo navyo ulitaka kuvifuata mtandaoni. Kuna amri ya pili, nix flake archive, inayovikusanya hivyo. Mara ya tatu ikakubali. Nimeeleza kwa mistari mitano, lakini ilinichukua mwezi.

Halafu tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima, na iliporudi tulikuwa tumeingia Novemba. Sitaingia kwenye mengine ya siku zile, yana mahali pake. Kwa upande wa mashine tu: nilikuwa na diski mezani yenye kila kitu cha kuijenga kompyuta yangu mara mbili, na nilijua inafanya kazi kwa sababu nilikwisha kuijaribu mtandao ukiwa umezimwa kwa mkono wangu mwenyewe. Siku zile hatukuwa na mengi ya kuwa na uhakika nayo.

Utunzaji nao una kero yake, nisiwafiche. NixOS hutoa toleo jipya mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba, na la zamani huachwa mwezi mmoja hivi baada ya jipya kutoka. Ukilala mwaka mzima, ukiamka lugha imebadilika. Kulikuwa na mstari wa sound.enable ambao watu wengi tulikuwa nao kwenye mafaili yetu. Toleo la Novemba 2024 liliuondoa, na mfumo ukakataa kabisa kujenga mpaka uufute. Kosa lenyewe dogo, na ujumbe wake unaeleza vizuri, kwa Kiingereza. Lakini fikiria unakutana nalo usiku wa kuamkia safari ya Ukerewe. Ndiyo maana nasasisha mara kwa mara, kidogo kidogo, na kamwe sisasishi siku ya kazi. Kila sasisho linakula bando, na yapo masasisho yanayolazimisha karibu kila kitu kipakuliwe upya. Nimejifunza kuyafanya usiku, kama wavuvi wa dagaa.

Sasa nirudi kwa mwenzangu wa Nyegezi. Alisema, "Si uweke tu kila kitu kwenye hifadhi ya mtandaoni, ya nini mateso?" Kwa watu wengi nakubaliana naye. Kama kazi yako ni barua na hesabu za duka, usiguse NixOS. Ni ngumu, lugha yake haifanani na nyingine, na kwa Kiswahili hakuna pa kusoma. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitupa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, na wengi tuliamini kwamba miaka 20 baadaye mambo haya tutayasoma kwa lugha yetu. Hatujafika.

Lakini hoja yake ina tundu lile lile nililotumbukia mimi. Nikamuuliza: hiyo hifadhi ya mtandaoni, neno lake la siri unalikumbuka? Akasema liko kwenye simu. Simu ikiibiwa? Akasema atapokea namba ya uthibitisho. Itakuja wapi? Akaitazama simu yake. Hatukuendelea, maana ni rafiki yangu.

Sidai kwamba kila mwandishi awe na hazina. Ninachodai ni kwamba ukiwa na chochote cha kukuokoa, iwe NixOS, iwe diski, iwe daftari la kaunta lenye orodha ya programu, kifanyie jaribio la kweli kabla maji hayajakifanyia. Na jaribio la kweli linaogopesha kidogo. Nilipobonyeza kufuta Jumamosi ya kwanza, mkono ulitetemeka, ingawa mashine haikuwa na kitu cha maana.

Matokeo? Jumamosi ya kwanza ilishindwa: hazina ilitaja diski kwa jina la mashine ya zamani, mahali ambapo sikuwahi kupatazama. Ya pili ilijenga, ikafungua nakala kwa ufunguo wa karatasi, lakini nilikuwa nimeuchapa kwa herufi ndogo mno, sifuri na o zikanichezesha kwa nusu saa. Nimeuchapa upya. Ya tatu umeme ulikatika katikati. Uliporudi niliwasha, nikaendelea, na saa nne usiku nikasikia sauti ya mzee wa Igombe akieleza bei ya nyavu. Kipaza sauti cha ndani hakirekodi kwenye mashine ile na bado sijui kwa nini.

Kwa hiyo kuna Jumamosi ya nne. Kama una mpakato wa zamani ambao angalau bado unawaka, wa aina yoyote, niazime kwa siku mbili. Nitaufuata mwenyewe, hata kama ni Igoma. Ondoa vitu vyako kwanza, kisha uhakikishe umeviondoa.